UZI: Kaplingi ya triga kwenye oskiloskopu – DC, AC, LF Rej, HF Rej, Noise Rej. Lini utumie ipi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi.

Swali la "mawimbi yangu yanakimbia kwenye skopu, nifanyeje" linajirudia sana humu, na jibu linalotolewa haraka ni Auto Set. Auto Set inakisia tu, na ishara ikiwa na mambo mengi yaliyopandana inakisia vibaya. Leo nataka tuzungumzie menyu moja ambayo wengi wetu tunaipita bila kuifungua: kaplingi ya triga, yaani namna ishara inavyopitishwa kwenda kwenye triga, ile sehemu inayoamua mchoro uanzie wapi. Msimamo wangu nautaja mapema. Anza na DC, na usitoke hapo mpaka uweze kusema kwa namba ni masafa gani yanayokusumbua, na chujio la skopu yako linakata wapi. Ukikosa hizo namba mbili unabahatisha.

Kwanza tutenganishe kaplingi ya chaneli na kaplingi ya triga, maana menyu zake zinafanana na watu wanazichanganya. Ya chaneli inagusa picha: ukiweka AC, volti ya DC inakatwa na mstari unarudi katikati. Ya triga haigusi picha hata kidogo. Ndani ya mashine, ishara ikishapita kwenye hatua ya kuingilia inagawanyika njia mbili. Moja inakwenda kubadilishwa kuwa namba ili ichorwe. Nyingine inakwenda kwenye saketi inayoilinganisha na levo (kiwango cha volti) uliyoweka, na saketi hiyo ndiyo inayoamua mchoro uanzie wapi. HF Rej (inakataa masafa ya juu) na LF Rej (inakataa masafa ya chini) zimekaa kwenye hiyo njia ya pili peke yake. Kwa hiyo mtu anayeweka HF Rej akitarajia kelele zipungue kwenye kioo atangoja sana. Kinachopunguza kelele kwenye picha ni kikomo cha masafa cha chaneli, kile ambacho skopu nyingi zinakiandika 20 MHz.

Jambo jingine la kukumbuka: kwenye skopu nyingi mgawanyiko huo unatokea baada ya swichi ya kaplingi ya chaneli. Maana yake ukiweka chaneli kwenye AC, hata triga ikiandikwa DC, haitaiona DC ya ishara yako. Imeshakatwa mlangoni.

Sasa namba. Kwenye Tektronix za familia ya TDS2000, AC inadhoofisha yaliyo chini ya 10 Hz, HF Rej inadhoofisha yaliyo juu ya 80 kHz, na LF Rej inakata DC na kudhoofisha yaliyo chini ya 300 kHz. Kwenye Keysight za InfiniiVision, HF Rej na LF Rej zote zimewekwa 50 kHz. Tazameni tofauti hiyo ya LF Rej: 300 kHz huku, 50 kHz kule. Ishara ya 100 kHz itapita vizuri kwenye moja na kunyongwa kwenye nyingine, ilhali menyu imeandikwa maneno yaleyale. Mtu akikuambia "weka LF Rej" bila kuuliza una skopu gani, ushauri wake haujakamilika. Fungua kitabu cha skopu yako, tafuta ukurasa wa triga, andika namba hizo kwenye karatasi na uibandike pembeni ya mashine.

Halafu msidhani chujio hizi zinakata kama kisu. Tukizichukulia kuwa chujio za ngazi moja, pale kwenye namba yenyewe ishara inabaki na asilimia 71 hivi ya ukubwa wake, na ili uipunguze mara kumi lazima usogee mara kumi zaidi ya namba hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mfano ulio wazi ni AC. Watu wanaweka AC kwenye triga ili kuondoa mvumo wa umeme wa gridi. Umeme wetu ni 50 Hz, chujio la AC liko 10 Hz. Mvumo unapita na asilimia 98 ya ukubwa wake. AC haiondoi mvumo. Inaondoa DC na kuyumba kwa polepole sana, basi. Anayetaka kuutoa mvumo wa 50 Hz kwenye njia ya triga atumie LF Rej, na kwa sharti kwamba ishara anayoitaka iko juu ya pale chujio linapokata.

AC ina kazi yake halali: ishara ndogo iliyopanda juu ya DC kubwa inayohamahama. Chukua betri ya sola inayopanda kutoka 12.6 V hadi 14.4 V wakati wa kuchaji, na wewe unataka kuona mtetemo mdogo juu yake. Ukitumia DC utashinda unaifukuza levo. Ukitumia AC, levo inahesabiwa kutoka kwenye wastani wa ishara, na wastani ukisogea triga inasogea nao. Lakini hapohapo ndipo penye mtego: levo haisomeki tena kama volti halisi ya kwenye saketi. Keysight wenyewe wanaondoa alama ya levo upande wa kushoto wa kioo ukichagua AC au LF Rej, kwa sababu alama hiyo ingekudanganya.

Noise Rej ni kitu kingine kabisa, si chujio la masafa. Inapanua histeresisi ya ile saketi ya kulinganisha: ishara lazima ishuke chini kiasi kikubwa zaidi kabla ya kupanda kwake kuhesabiwa tena. Kelele ndogo zinazocheza kwenye levo zinapuuzwa. Gharama yake ni kwamba triga inakuwa nzito kusikia, na ishara yenye kimo kidogo kwenye kioo inaweza isiishike kabisa.

Na mkitaka kujua kaplingi mliyochagua inafanya kazi, msipime mkiwa kwenye Auto. Hali ya Auto inachora hata triga isipopatikana, kwa hiyo inaficha kosa. Wekeni Normal. Kwenye Normal, triga ikikosekana mchoro unaganda au haupo, na mnajua ukweli palepale.

Karibuni kwa maswali. Leteni ishara halisi mnazopambana nazo tuzichambue.

#2 – Fundi TV

Mkuu nimekusoma, uzi mzuri. Nina ubao wa pawa sapulai ya TV, toleo (output) la 12 V. TV inajizima ikipata moto. Nataka kuangalia ripoli (mtetemo unaobaki juu ya DC) kwenye 12 V. Nimeweka chaneli AC, milivolti 50 kwa kigawe, lakini kinachoonekana ni ukanda mnene unaotambaa. Triga iko DC. Skopu yangu HF Rej na LF Rej zote zimeandikwa 50 kHz kwenye kitabu. Nianzie wapi?

#3 – Mleta uzi

Fundi, hapo una ishara tatu zimekaliana, ndiyo maana unaona ukanda. Ya kwanza ni ripoli ya 100 Hz, inayotokana na kunyooshwa kwa nusu zote mbili za wimbi la 50 Hz. Ya pili ni ya kuwasha na kuzima mosfeti (transista inayotumika kama swichi), tuseme 65 kHz, ni masafa ya kawaida kwenye sapulai za aina hiyo. Ya tatu ni vile vichomo vya megahazi kadhaa vinavyotokea mosfeti inapobadilika. Usijaribu kuziona zote kwa mpigo mmoja. Chagua moja, kisha uchague kaplingi kwa ajili ya hiyo.

Anza na 100 Hz. Muda weka milisekunde 5 kwa kigawe, triga HF Rej, levo katikati ya ukanda. Vichomo vya 5 MHz, kwa chujio la 50 kHz, vinapungua mara mia kwenye njia ya triga, havitaisumbua tena. Ila ile 65 kHz ujue bado ipo: inabaki na asilimia 61. Kama ni ndogo kuliko ripoli ya 100 Hz, mchoro utatulia. Kama bado unatetemeka, ongeza Noise Rej ikiwa skopu yako inaruhusu zote mbili kwa pamoja.

Kisha nenda 65 kHz. Mzunguko mmoja ni kama mikrosekunde 15.4, kwa hiyo weka mikrosekunde 5 kwa kigawe utaona mizunguko mitatu hivi. Triga sasa iwe LF Rej. Ile 100 Hz inapungua mara 500, imekwisha kabisa kwenye triga, na 65 kHz inabaki na asilimia 79. Kwa mlalo mchoro utasimama.

Lakini kwa wima utaendelea kuona unene, na wengi hapo wanasema LF Rej haifanyi kazi. Inafanya. Kila mchoro mmoja unashika mikrosekunde 50 tu, na katika muda huo ripoli ya 100 Hz inakuwa karibu imesimama. Mchoro unaofuata unaikuta 100 Hz iko mahali pengine, basi unachorwa juu kidogo au chini kidogo. Ni michoro ileile iliyopangwa kwa kimo tofauti. Washa wastani wa michoro 64 au 128: kwa kuwa triga imeshikamana na 65 kHz, yale ya 100 Hz yanajifuta yenyewe na unabaki na umbo safi la ripoli ya kuwasha na kuzima. Wastani bila triga iliyotulia ungekupa mstari mtupu.

#4 – Fundi TV

Nimefuata. 100 Hz imetulia safi. Kwenye 65 kHz imesimama lakini naona picha mbili zimelaliana, kama moja imesogezwa pembeni.

#5 – Mleta uzi

Triga inashika vichomo viwili kwa zamu, cha mosfeti kuwaka na cha mosfeti kuzima. LF Rej inavipitisha vyote viwili maana ni vya masafa ya juu. Pandisha levo taratibu mpaka kibaki kile kirefu zaidi peke yake.

Lakini kuna njia bora kuliko kuhangaika na kaplingi: badilisha chanzo cha triga. Weka probu ya pili, x10 (inapunguza ishara mara kumi), kwenye waya wa transfoma upande wa sekondari kabla ya dayodi ya kutolea 12 V. Pale kuna mapigo makubwa ya volti nyingi, yana kingo kali, mara moja kwa kila mzunguko. Chagua chaneli 2 kuwa chanzo, kaplingi DC, levo katikati ya pigo. Ripoli unaitazama kwenye chaneli 1 kama kawaida. Mimi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kaplingi inajaribu kuokota ishara nzuri ndani ya mchanganyiko. Kama kwenye ubao huohuo kuna sehemu ambapo ishara hiyo iko peke yake na ni kubwa, kaichukue pale.

#6 – Mhandisi wa vituo

Naomba niongeze kabla mtu hajapata ajali. Mleta uzi amesema sekondari, na hilo neno ni muhimu. Klipu ya ardhi ya probu imeungwa moja kwa moja na ethi ya ukutani kupitia skopu. Ukiibana upande wa praimari, ambako 230 V ikinyooshwa inafika kama 325 V, utapiga shoti kupitia skopu yako. Na tafadhali msikate pini ya ethi ya skopu kama wengine wanavyoshauri: mkifanya hivyo bodi nzima ya skopu na kila kinachogusika juu yake kinaweza kuwa na umeme hai. Kwa praimari tumieni probu ya tofauti (inapima kati ya nukta mbili bila kuiunga yoyote na ethi), au ubao unaopimwa uupe umeme kupitia transfoma ya kutenganisha.

Jingine: fupisha waya wa ardhi. Ule wenye klipu ya mamba unaokota vichomo hewani, halafu mnatafuta kaplingi ya kuvikataa. Tumia springi fupi ya kwenye ncha ya probu kwanza, ndipo ujue vichomo vingapi ni vya sapulai kweli.

#7 – Mwanafunzi wa elektroniki

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma data ya UART (mawasiliano ya biti moja moja kwenye waya) kutoka kwenye ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta), biti 115200 kwa sekunde, 3.3 V. Nataka kushika herufi ya kwanza kabisa inapotoka. Niliona mahali wanasema AC ni salama zaidi kwa triga, nikaweka AC na levo 1.65 V. Kwenye Normal haishiki kitu.

#8 – Mleta uzi

Marahaba. Huo ushauri si wa ishara za dijitali. Fuatana nami uone kwa nini.

Laini ya UART ikiwa imepumzika inakaa juu, 3.3 V. Kwenye AC, kapasita ya njia ya triga inajaa mpaka ule utulivu wa 3.3 V unahesabika kuwa sifuri. Chujio la 10 Hz lina muda wa kutulia wa milisekunde 16 hivi, kwa hiyo kupumzika kidogo tu kunatosha. Herufi inapoanza, biti ya kuanzia inashuka hadi 0 V, na triga inaiona kama inashuka kutoka sifuri hadi kasoro 3.3 V. Herufi nzima ya biti 10 inachukua mikrosekunde 87 tu, kapasita haina muda wa kujirekebisha. Wewe levo yako iko juu, kwenye chanya 1.65 V. Ishara haijawahi kufika huko, ndiyo maana skopu imekaa kimya. Na ungeiweka levo sifuri, ungekuwa umeiweka palepale laini ilipopumzikia, na kelele yoyote ndogo ingeifyatua.

Kibaya zaidi, data ikitiririka mfululizo wastani unashuka na kila kitu kinahama. Levo iliyofaa kwa herufi ya kwanza haifai kwa ya mia.

Weka DC kwenye chaneli na kwenye triga pia, levo 1.65 V, mteremko wa kushuka, hali ya Single (inachora mara moja na kusimama), kisha uiwashe upya ESP32. Muda weka mikrosekunde 10 kwa kigawe. Biti moja ni mikrosekunde 8.7, utazihesabu kwa macho. Kanuni hiyo inafaa pia kwa I2C na SPI (njia nyingine za kutuma data) na PWM (mapigo yanayobadilishwa upana). PWM hasa, maana wastani wake unabadilika kila upana wa pigo unapobadilika.

#9 – Fundi sola

Mkuu, mimi nina inveta ya 230 V, mawimbi ya sain. Mawimbi yanaonekana lakini mara yanaonekana yanapanda, mara yanashuka, yamepishana kama mnyororo. Mteremko nimechagua wa kupanda. Juu ya sain kuna nywelenywele za 20 kHz. Nimeweka HF Rej, tofauti siioni. Skopu imeharibika? Napima kwa probu ya tofauti, usiwe na wasiwasi.

#10 – Mleta uzi

Skopu ni nzima, na nafurahi kusikia hiyo probu.

Zile nywele ndizo zinazofanya hivyo. Hata sain ikiwa inashuka, nywele zinapanda na kushuka juu yake, na kila nywele inayopanda kupitia levo inatosha kuifyatua triga. Skopu imetii ulichoiambia: imetafuta mahali panapopanda, ikapapata kwenye mteremko wa kushuka.

HF Rej haikusaidii kwa sababu 20 kHz iko chini ya pale inapokata. Kwa chujio la 50 kHz nywele zako zinabaki na asilimia 93. Kwa lile la 80 kHz zinabaki zaidi ya hapo. Hii ndiyo kesi niliyokuwa naisema pale juu: jina la menyu ni sahihi, namba ndizo hazikubali.

Jaribu Noise Rej kwanza, na upunguze kimo cha mawimbi kwenye kioo. Histeresisi inakwenda kwa vigawe vya kioo, kwa hiyo sain ikichukua vigawe 4 badala ya 8, nywele nazo zinafupika na zinaweza kuingia ndani ya histeresisi. Sain yenyewe bado ni kubwa vya kutosha kushikwa.

Isipotosha, jitengenezee chujio lako. Chukua transfoma ndogo ya 230 kwa 12, iunge kwenye toleo la inveta, na upande wa 12 V weka rezista ya kilo-omu 1.6 kisha kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhi. Hilo linakata kama 1 kHz. Nywele za 20 kHz zinapungua mara 20, na 50 Hz inapita nzima ikiwa imechelewa mikrosekunde 160 kutokana na chujio. Peleka kwenye chaneli 2, ifanye chanzo cha triga, kaplingi DC. Chaneli 1 iache iendelee kuonyesha sain ya kweli pamoja na nywele zake, maana hizo ndizo unazozichunguza.

#11 – Fundi redio

Kwa wenye skopu za zamani angalieni swichi yenu vizuri. Kwenye baadhi ya Hameg imeandikwa AC, DC, HF, LF, bila neno la kukataa. Pale HF maana yake inapitisha masafa ya juu, na LF inapitisha ya chini. Ni kinyume cha HF Rej na LF Rej. Mtu akisoma uzi huu na kuweka HF kwa ajili ya ripoli ya 100 Hz hatapata kitu.

#12 – Mleta uzi

Asante sana kaka, hilo ni la msingi.

#13 – Fundi TV

Narudi na majibu. Nimefunga springi ya ardhi, vichomo vimepungua sana. 100 Hz ni ndogo, milivolti 20 hivi. Ila 65 kHz, triga kutoka sekondari, inafika milivolti 400 ubao ukiwa umepata moto na mzigo umewekwa.

#14 – Mleta uzi

Hapo umeshapata pa kwenda. 100 Hz ikiwa ndogo, kapasita kubwa ya praimari ya volti 400 inafanya kazi yake, iache. Ripoli kubwa ya 65 kHz kwenye toleo inaelekeza kwenye kapasita za kuchuja baada ya dayodi: ukinzani wao wa ndani umepanda. Zitoe, zipime ukinzani huo kwa mita yake, na ukibadilisha chagua za ukinzani mdogo, nyuzi joto 105, si zile za kawaida. Kisha pima tena kwa mpangilio uleule wa triga, chaneli 2 sekondari, DC, ili ulinganishe kitu kimoja na kitu hichohicho.